GMO iandikwe mbele ya pakiti

Mhariri,

Tangu serikali ya Kenya itangaze Oktoba 2022 kuondoa marufuku ya vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, na kesi zikafuata mahakamani, tumebishana jambo moja tu: vinadhuru au havidhuru. La biashara hatuligusi. Atakayeviagiza kutoka nje atavinadi vipi bila mnunuzi kuona amechezewa shere?

Waingereza walishayapitia haya. Februari 1996 maduka ya Sainsbury's na Safeway yalianza kuuza nyanya ya kopo iliyotokana na mbegu ya kampuni ya Zeneca, iliyolimwa California. Jeni inayoifanya nyanya ilainike ilikuwa imefifishwa, hivyo rojo lake lilikuwa zito na moto wa kulichemshia ukapungua. Sheria haikuwabana kusema lolote, lakini waliandika waziwazi mbele ya kopo kwamba nyanya hizo zimebadilishwa jeni. Kopo la gramu 170 liliuzwa peni 29, bei ileile ya kopo la kawaida la gramu 142. Watu walinunua, makopo zaidi ya milioni moja. Mteja alijua anachobeba, na nafuu aliiona yeye mwenyewe pale kwenye rafu.

Kilichoharibu soko kilitoka kwingine. Mwishoni mwa 1996 soya ya GMO ya kampuni ya Monsanto iliingia Ulaya kutoka Marekani ikiwa imechanganywa na soya ya kawaida, bila alama, ikaishia kwenye vyakula vya kila siku. Na Waingereza ni watu waliokuwa wameambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba nyama ya ng'ombe wao ni salama, hadi Machi mwaka huohuo serikali ilipokiri kwamba huenda kichaa cha ng'ombe kimeua binadamu. Nani angesikiliza tena? Kufikia 1999 maduka yalikuwa yanaziondoa GMO, na kopo la Zeneca, lililosema kweli tangu siku ya kwanza, likaondoka nazo.

Kanuni zetu za 2012 zinataka alama pale GMO inapozidi asilimia moja. Sawa. Lakini geuza pakiti ya chakula cha kutoka nje dukani uone: viungo vimebanana nyuma kwa herufi za kutafutia miwani, kwa Kiingereza au Kiarabu, na juu yake muuza duka amebandika stika ya bei. Alama ikiwekwa hapo, mwagizaji atakuwa ametii sheria na mama anayenunua sokoni Kongowea hatakuwa ameambiwa kitu.

Naomba mamlaka husika ziwatake waagizaji waiandike mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za uzito wa pakiti. Watalia kwamba mauzo yatashuka. Wajibiwe kwamba kopo la Zeneca, na maandishi yake mbele, kuna maduka liliyashinda makopo ya kawaida kwa mauzo.

Msomaji wenu,
Mombasa