Darasa la kugeuza halingoji tableti, linangoja tuache dikte

Bwana Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya juma lililopita juu ya darasa la kugeuza, nikacheka kidogo halafu nikakasirika kidogo. Mwandishi anasema mfumo ni mzuri lakini sisi huku Kongo tungoje kwanza tableti, intaneti na umeme usiokatika. Sasa mimi ni mwalimu wa kemia, shimi kama tunavyosema huku L'shi, yaani Lubumbashi, huu ni mwaka wangu wa 14 nafundisha Katuba, na kama ni kungoja umeme usiokatika basi nitaenda pensheni bado nangoja.

Kwa asiyejua, habari yenyewe ni fupi. Tulizoea mwalimu anatoa somo darasani halafu mtoto anaenda kupigana na mazoezi nyumbani peke yake usiku. Hapa unageuza, somo jipya mtoto analipitia nyumbani kwanza, kwa kusoma ama kusikiliza, na mazoezi mnakuja kuyafanya pamoja darasani mwalimu akiwepo. Waliolipa jina hili nguvu ni walimu wawili wa shimi kama mimi, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, wa Woodland Park, mji mdogo wa milimani kule Colorado, Marekani. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo yao sababu wanafunzi walikuwa wanakosa vipindi ovyo, wengine kwa ajili ya mechi za mbali. Niliposoma hapo nikasimama. Wangu pia wanakosa, ila si kwa mechi, wanarudishwa nyumbani sababu ya ada, mtoto anapotea siku nne tano, akirudi tuko kurasa sita mbele na hakuna mwenye muda wa kurudi kumchukua.

Basi mwaka jana nikajitia fundi. Nikasimamisha telefoni juu ya matofali matatu, nikajirekodi dakika 11 mbele ya tablo, nikatuma kwa grupu la wazazi. Usiku uleule baba mmoja akanipigia, sauti juu: "Mwalimu, hii video yako imekula forfe yangu yote ya wiki, mega zote nilizonunua, sasa kazini watanipata namna gani?" Sikuwa na jibu. Kesho yake, kati ya watoto 62, walioiona ni 9, na wawili kati ya hao waliona mwanzo tu, telefoni ikazima.

Wengi wakifika hapo wanasema ndiyo hivyo, mambo ya wazungu, wanaacha. Mimi nilirudi nyumbani nikajiuliza swali la kijinga: kwani video ndiyo nini hapa? Kitu chenyewe si kwamba mtoto afike darasani akiwa amekutana na somo tayari? Nikaandika ukurasa mmoja kwa Kifaransa, maana mtihani utakuja kwa Kifaransa, nikatoa kopi 21, watatu watatu wanabeba moja, leo inalala kwa huyu kesho kwa yule. Juu yake nikaongeza sauti ya dakika nne, kwa Kiswahili chetu hichi hichi cha nyumbani, naeleza ule ukurasa unasema nini. Sauti ni nyepesi, haili mega, na watoto wanapitishiana kwa blututu bila hata senti. Asiye na telefoni anasikiliza ya mwenzake njiani wakirudi.

Sasa niwaambie kilichotokea kwenye somo la mole, kile kipimo cha kuhesabia chembe ndogo za vitu, sababu somo hili limenitesa miaka yote. Binti mmoja, mama yake anauza bunga kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa L'shi, na yeye anamsaidia mpaka jioni, alikuwa amesikiliza ile sauti palepale kwenye meza ya bunga. Nikauliza mole ni nini, akanyanyua mkono: "Mwalimu, mole njo kama meka," kile chombo cha kupimia bunga sokoni. Darasa likacheka. Kijana wa nyuma akamrukia: "Apana, meka iko ya kujaza, haihesabu! Meka ya bunga na meka ya maharagi, mbegu haziwezi kuwa sawa." Kelele. Binti akafikiri, akasema, "Basi iko kama duzeni. Duzeni ya mayai na duzeni ya matofali, hesabu moja, uzito mbalimbali." Bwana Mhariri, mimi sikuwa nimesema kitu, nilikuwa nimeshika chaki tu. Ndiyo nikaandika ile hesabu, 6,02 mara 10 kipeo cha 23, nikawaambia hiyo ndiyo duzeni ya wanashimi, maji gramu 18 ni mole moja, shaba gramu 63,5 nayo ni mole moja. Kabla sijamaliza mmoja ameshagawanya, kilo ya shaba ni mole 15 na kitu. Huu mji ulizaliwa kwa sababu ya shaba na kwa miaka 13 nilikuwa sijawahi kusikia mtoto anaipimia mole bila kusukumwa.

Na miaka hiyo 13 nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nadikte. Kipindi ni dakika 50, toa kuita majina na kufuta tablo, kinachobaki karibu chote ni mimi kusoma na wao kuandika. Pwan, alalinyi, yaani nukta, mstari mpya, pigeni mstari chini kwa biki nyekundu. Kengele. Zoezi nendeni mfanye nyumbani. Yaani ile sehemu ngumu ndiyo nilikuwa nampelekea mtoto akiwa peke yake na mshumaa. Hata kule Harvard mwalimu wa fizikia Eric Mazur tangu mwanzo wa miaka ya 1990 alianza kuwaambia wanafunzi wasome kwanza wenyewe, darasani anawapa swali wabishane, sababu aliona wanajua kukokotoa lakini Newton hawajamwelewa. Karatasi na mdomo tu, tableti hata hazijazaliwa.

Sisemi kila kitu ni sukari. Kuna wasiosoma, kila mara, hao nawaweka nyuma dakika kumi za kwanza wasome kwanza ndiyo waingie mazoezini, wengine wameshazoea kuzitumia kulala. Kuna masomo hayageuki, majina ya chumvi na asidi lazima tuyaimbe pamoja. Na kopi ni pesa, nalipa mwenyewe.

Lakini kinachonisumbua si kopi. Mwezi uliopita tulipata inspekta. Hakuingia darasani hata dakika tano, aliomba kaye za watoto, yaani madaftari, akafungua, akaona mazoezi na michoro ya kufuta-futa, maandishi ya somo yako kwenye kile kikaratasi kimekunjwa katikati. Akauliza mbona kaye hazijajaa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikamwita hata yule binti wa bunga amwambie mole ni nini, akamjibu vizuri kabisa. Akatingisha kichwa, akaandika kwenye ripoti: mwalimu hamalizi programu, kaye hazijajaa. Nikasaini.

Mwalimu wa shimi, Katuba, Lubumbashi