Jumamosi: miwani ya uhalisia pepe na somo la selimundu

Walimu wenzangu wa baiolojia, habari za jioni.

Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane maabara tujaribu miwani kabla ya kuipeleka kwa Kidato cha Nne. Tutaanza na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Mwanafunzi ataingia ndani ya jeni ya beta-globini (sehemu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni), kromosomu ya 11, aone herufi moja tu ya DNA ikibadilika: GAG inakuwa GTG, na kwenye protini asidi amino moja, asidi ya glutamiki, inampisha nyingine, valini. Kisha ashuhudie himoglobini zikishikamana zenyewe kwa zenyewe, na seli nyekundu ikijikunja. Ubaoni jambo hili ni gumu kweli kulionyesha.

Ila tusiishie kwenye kushangaa, tafadhali. Kila mwanafunzi aulize: nani katengeneza modeli hii? Kipi kimekuzwa? Besi za DNA hazina nyekundu wala kijani, mchoraji ndiye kachagua. Mtoto akilijua hilo, ataitazama kwa jicho la udadisi kila picha ya kompyuta atakayokutana nayo.

Simu ya kuweka kwenye miwani iwe na jairoskopu (kihisi cha mzunguko), la sivyo picha haigeuki mtu akigeuza kichwa. Programu pakueni nyumbani, mtandao wa maabara ni dhaifu. Wanaosubiri zamu wachore jedwali la Punnett, la kukadiria mtoto atarithi nini: wazazi wote wakiwa AS (wamebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua), kila mimba ina uwezekano wa 25% wa kuwa SS (jeni mbili, yaani mwenye ugonjwa). Anayesikia kizunguzungu avue miwani na kuketi.

Tukumbuke pia darasani huenda yupo mwenye selimundu. Tusimtumie kama mfano, hata kwa nia njema.

Anayekuja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi usiku.