Hiyo alto usiiuze kwanza

Kampala

Ndugu Okello,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa mzee wa pale jirani. Huku wazima, ila mvua na matope. Opio ameniambia unatafuta mteja wa saksafoni yako ya alto kwa sababu eti uzee umefika. Uzee gani, afande? Hata sitini hujafika!

Mtazame Marshall Allen, mpiga alto wa jazi wa Marekani: alizaliwa Louisville, Kentucky, Mei 25, 1924. Alipitia bendi ya jeshi kama wewe, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akasomea klarineti Paris. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Arkestra, bendi ya Sun Ra kule Chicago, na hakutoka tena. Sun Ra akafariki 1993, John Gilmore akaishika bendi, naye akafariki 1995. Tangu hapo kiongozi ni Allen. Albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, New Dawn, imetoka 2025. Aliirekodi akiwa ametimiza miaka 100.

Na si muziki wa kubembeleza mtoto. Alto inalia, inakwaruza, mkono wa kulia unafagia vibonyezo kama mpiga gitaa. Ukipiga hivyo harusini watadai pesa zao. Lakini ile milio ya juu kabisa ndiyo hiyo unayosema imekushinda, na Opio anasema unang'ata tu. Ukibana ridi, kile kijiti chembamba cha mdomoni, kwa taya, ncha inaziba, hewa haipiti, sauti inakonda halafu inakatika. Mdomo wa chini unachubuka, nawe unasingizia umri.

Fanya hivi. Piga noti ya Bi flati ya chini kabisa, usisogeze kidole hata kimoja. Badilisha koo na ulimi tu, kama unatoka "o" kwenda "i". Sauti itaruka oktava moja, kisha noti ya tano juu yake, kisha oktava ya pili. Dakika kumi asubuhi zinatosha. Ikigoma, shuka kutoka ridi namba 3 hadi 2 na nusu, iliyo laini zaidi. Na kiangazi cha Gulu kinapindapinda ncha za ridi: loweka majini dakika chache, kisha ilaze upande bapa kwenye kioo. Kibonyezo cha Ji shapu kikinata, weka karatasi ya sigara chini ya padi, ile inayoziba tundu, bonyeza taratibu ifyonze unyevu. Usiivute karatasi padi ikiwa imefunga, padi itachanika.

Allen ana pia kipulizo cha umeme, EVI. Vidole vitatu vya kulia kama tarumbeta, mkono wa kushoto unazungusha kopo kubadili oktava. Hakina ridi, midomo inapumzika. Mjanja yule mzee! Lakini wewe anza na Bi flati.

Mteja ameshatoa pesa? Ni nani, yule wa kanisani? Ridi unazotumia ni namba ngapi, na za lini? Opio akija wiki ijayo nimpe boksi moja akuletee?

Wako,
Musa