Wauza miche, tuandikieni jina la waridi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na hawa wenzetu wanaouza miche ya maua kando ya barabara huku Limuru na kule Nairobi, maana tumechoka. Ukiuliza hii waridi ni gani unajibiwa "ni nyekundu mama, inanukia sana", basi, pesa imeenda.

Nyekundu ziko nyingi jameni. Chukua tu Papa Meilland, Oklahoma na Mister Lincoln, zilitoka miaka ya 1963 na 1964 na ni ndugu kabisa, mama ni waridi Chrysler Imperial, baba ni waridi Charles Mallerin, kwa hivyo rangi zinakaribiana na zote zina harufu ya kukusimamisha njiani. Lakini shambani kila moja na tabia zake. Mister Lincoln inapanda juu, mashina marefu yamenyooka, ukikata unaweka kwa chupa mara moja. Papa Meilland ni tamu lakini ubwiri-unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unaipenda kweli kweli, na baridi yetu ya Julai ikishuka majani yanageuka meupe, sasa mtu akiuziwa Papa akidhani ni Lincoln atanunua dawa mpaka achoke.

Mi nikitaka kutambua sianzi na rangi. Naangalia kama ni ua moja juu ya shina refu, tumba limechongoka na petali zinajikunja kwenda nje, hapo najua ni ile aina inaitwa haibridi tii, zikija vichala vichala mara nyingi ni aina ya floribunda, nzuri pia lakini si ile nilitaka. Halafu jani, miba, na kunusa asubuhi jua likianza kupasha. Rangi inadanganya sana, mfano Double Delight ya 1977, tumba linafunguka krimu na kingo za petali zinaiva nyekundu kadiri jua linavyozipiga, ukiipanda chini ya mparachichi itabaki nyeupe-nyeupe na jirani atakwambia uliuziwa feki.

Na kuna hii ya shina la chini. Miche mingi imepandikizwa juu ya waridi nyingine, hapa Kenya sana sana Natal Briar, na chipukizi likitoka chini ya kile kifundo cha kuunganishia ling'oe, usilikate tu, litarudi. Mama mmoja hapa kwetu aliliacha akifurahi eti maua yake yana nguvu, kumbe ile alinunua imeshakufa kitambo anamwagilia Natal Briar!

Sisemi majina ni rahisi. Ile ya njano yenye kingo za pinki ya Francis Meilland, mzalishaji waridi wa Ufaransa, kwao Ufaransa ni Madame A. Meilland, Ujerumani ni Gloria Dei, Italia ni Gioia, Marekani wakaiita Peace mwaka 1945 vita vikiisha Ulaya. Lakini hata ukipata moja kati ya hayo manne una pa kuanzia, utauliza watu, utajua inataka nini.

Kibandiko si gharama. Kata mtungi wa mafuta ya kupikia vipande, andika na penseli, mvua haifuti haraka kama kalamu, funga kwa shina kazi imeisha. Na kama hujui jina andika "sijui" hivyo hivyo, utuuzie kwa bei ya sijui.

Mpenda maua,
Limuru