YAH: SSD mbili za jina moja, ndani vitu viwili tofauti

Habari za kazi wakuu,

Mimi naediti video za harusi na sendofu huku Mbagala, na hii ni mara ya tatu nawaandikia, zile mbili za kwanza mlinijibu "asante kwa kuwasiliana nasi" halafu kimya. Safari hii naeleza yote mwanzo mpaka mwisho ili asitokee mtu wa kuniuliza tena kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

Iko hivi. 2021 nilinunua SSD yenu (diski ya chipu, isiyozunguka) ya NVMe, ile aina ya spidi kubwa, ya terabaiti 1, boksi limeandikwa spidi hadi 3,500 MB kwa sekunde, na kiukweli ile kitu imepiga kazi mpaka nikawa nawasifia kwa watu bila kulipwa. 2024 nikaongeza nyingine, duka lile lile Kariakoo, jina lile lile, boksi lile lile hadi rangi, 210,000 taslimu. Mwanzoni ikiwa tupu ilikuwa inapaa. Shida ilianza imeshajaa kama 640GB, Jumamosi usiku nimetoka ukumbini nimechoka, nahamisha faili za harusi 240GB kutoka SSD ya zamani kwenda mpya, ikaanza vizuri tu na 1,500 MB kwa sekunde, kufika kama 60GB hivi ikaporomoka mpaka 80. Themanini jamani! Nina diski ya kuzunguka ya zamani inagonga kwa ndani kama saa ya ukutani na yenyewe inanipa 120. Nikakaa naangalia ule mstari wa kijani karibu dakika 40, huku bwana harusi ananitumia meseji saa nane usiku anaomba kipande kifupi aposti.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu, akaweka programu inayosoma chipu, ndo tukaona maajabu. Ya 2021 chipu zake ni aina ya TLC, hii mpya ni QLC. Jina halijabadilika hata herufi moja.

Najua mtaniambia TLC na QLC zote ni SSD. Sawa, ila tusidanganyane. TLC kila seli, yaani kijichumba cha kutunzia data, inashika biti 3, maana yake itofautishe viwango 8 vya chaji, QLC inashika biti 4, viwango 16 kwenye seli hiyo hiyo. Ni kama kibaba kimoja ukichore mistari 8 au 16, ile ya 16 imebanana, ukimimina haraka unakosea mstari, kwa hiyo lazima umimine taratibu, na kibaba kikianza kuvuja kidogo tu hesabu imeharibika. Ndo maana inaandika polepole na inachoka mapema. Ile spidi ya kwenye boksi ni ya lile eneo la mbele ambalo diski inajiazima, inaandika biti 1 kwa seli kwa muda halafu baadae inapanga vizuri, na diski ikijaa eneo lenyewe linasinyaa. Neno lenu "hadi" linabeba mzigo mkubwa sana.

Sasa tuje kwenye kudumu, hapa ndo paliponiuma zaidi. Ya zamani mliandika TBW 600, yaani terabaiti 600 za kuandika kabla hamjajitoa kwenye waranti. Nilivyokuja kuipima ilikuwa na miaka mitatu, imeandikwa terabaiti 210, afya 65%. Mpya ina miezi 16, imeandikwa 82 tu, afya 59%! Nikaenda kwenye tovuti yenu, chini kabisa kwa maandishi ya kutafuta na tochi, nikakuta TBW 200. Kwa kazi yangu ya terabaiti 5 kwa mwezi hiyo inaisha miaka mitatu na kidogo, na boksi linapiga kelele WARANTI MIAKA 5. Miaka mitano au TBW, kinachotangulia, hayo ya "kinachotangulia" boksi halisemi.

Mhudumu wenu mmoja aliniambia kwenye simu eti bidhaa ni kwa "matumizi ya kawaida". Kawaida ya nani? Shemeji yangu anaweka notsi za chuo na muvi mbili tatu, kwake QLC ni sahihi kabisa na ningemshauri anunue. Mimi mngeniambia tu ningeongeza pesa nichukue inayonifaa.

Na kuna hili la kutunza. Kiwango cha JEDEC, wale wanaopanga viwango vya chipu, kinataka SSD ya kawaida, hata ikishamaliza TBW yake, ishike data mwaka mmoja bila umeme kwenye joto la nyuzi 30. Stoo yangu ina bati juu, Januari hiyo 30 naiona alfajiri tu. Kwa hiyo harusi za watu nimezirudisha kwenye ile diski inayogonga, kwa kweli naiamini kuliko yenu.

Ninachotaka ni kidogo. Mnibadilishie nipate yenye TLC kama niliyoinunua mwanzo, au mnirudishie hela yangu. Pia kama mmebadilisha chipu badilisheni na jina, na TBW muiandike mbele ya boksi pembeni ya hiyo 3,500. Na msinidai nibandue stika kuthibitisha chipu, maana stika yenyewe imeandikwa ukiibandua waranti imekufa, sasa sijui mlitaka mtu aone kwa miujiza.

Risiti na picha za vipimo vya diski zote mbili nimeambatanisha. Nijibuni kwa barua pepe tafadhali, ile namba ya simu inanipigia muziki mpaka salio linaisha.

Mteja wenu,
Mbagala, Dar es Salaam