Hamisi, Usitie Saini Bado

Leicester,
9 Novemba 2024

Kwa swahibu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kuuma na kazi zimetuzidi, maana wenyeji hawa kiangazi chote hukaa kimya, kisha Novemba ikiingia kila mmoja anakumbuka dirisha lake linavujisha upepo.

Baada ya salamu, picha za madirisha yako nimezipata, pamoja na ile karatasi ya bei aliyokuachia muuzaji wa madirisha mapya. Usitie saini bado. Sisemi kampuni ile ni mbaya, siijui. Ila karatasi nzima inasifu kioo, na hakuna mstari hata mmoja unaosema nani atakuja kufunga. Mimi nimebeba fremu na kupaka silikoni miaka mingi sasa, na nakuhakikishia kioo kizuri siku hizi kila kampuni inacho. Dirisha huharibikia ukutani, mikononi mwa mfungaji.

Halafu hiyo bei. Ameanza na pauni 14,000, akapiga simu kwa "meneja" wake, akateremka hadi 8,500, mradi tu utie saini usiku uleule. Sasa jiulize, ile 14,000 ilikuwa ya nini? Mchezo huo ni wa zamani na bado unawapata watu, hasa sisi tunaoona haya kumfukuza mgeni aliyekwisha kunywa chai yetu. Tena angalia hapa: mkataba ukisainiwa nyumbani kwako kwa kawaida una siku 14 za kubadili nia, lakini sheria hiyo inaacha nje vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe. Na dirisha ni kitu cha vipimo. Usije ukasaini kwa kutegemea kwamba kesho utaghairi.

Tafuta bei tatu za maandishi, na angalau moja itoke kwa karakana ndogo ya hapo Coventry, ambako mwenye duka ndiye anayekuja kupima. Muulize mafundi ni wake au wa kukodi. Muombe anwani ya nyumba aliyofunga miaka mitano iliyopita. Nyumba ya mwezi jana haikufai, kila dirisha linapendeza mwezi wa kwanza. Na uhakikishe bei ina VAT ndani yake. Kwa madirisha ni asilimia 20. Ule msamaha wanaopewa wanaoweka paneli za sola hautuhusu.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Huyo bwana amekuandikia madirisha yote tisa, na kwa ninavyoona pichani si yote yanayohitaji kung'olewa. Yale mawili ya jikoni na la bafuni ni ya PVC, fremu zimenyooka, ugonjwa wao ni ule ukungu ulioingia katikati ya vioo. Maana yake muhuri umekufa na unyevu umepenya. Hapo hubadilishwi fremu, unabadilishiwa kioo tu: fundi anatoa vibanzi vya pembeni, anachomoa pacha la zamani (yaani vile vioo viwili vilivyogandishwa pamoja), anatia jipya lenye vipimo vilevile. Ni kazi ya muda mfupi na bei yake ni sehemu ndogo tu ya dirisha zima. Muuzaji wa madirisha hakutajii hilo kwa sababu halimlipi.

Usichanganye ukungu huo na jasho la aina nyingine. Kioo kikitoka jasho upande wa chumbani, unyevu ni wa nyumba yako. Kikipata umande upande wa nje asubuhi yenye baridi, usimpigie mtu simu, hiyo ni sifa: joto lako limebaki ndani, kioo cha nje hakikupata la kujipasha.

Ukitaka kujua umri wa vioo ulivyo navyo, chungulia ule ukanda mwembamba unaotenganisha vioo viwili pembezoni. Mara nyingi utakuta maandishi madogo, na wengine huchapa hata tarehe. Kisha usiku washa kiberiti cha gesi karibu na kioo utazame miali inayoakisiwa. Pacha lina nyuso nne, kwa hiyo utaona miali minne. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, kuna utando wa madini unaorudisha joto chumbani. Yote ikifanana, kioo hicho ni cha kizamani. Jaribio hilohilo ulifanye siku watakapokuletea vioo vipya, kabla hujalipa fungu la mwisho.

Madirisha ya mbele ya mbao, hayo yaondoke, sina ubishi. Kioo kimoja kitupu kina thamani ya U, kipimo cha joto linalopotea, inayokaribia 5, na kadiri namba hiyo inavyopungua ndivyo joto linavyokaa. Tangu Juni 2022, kanuni za ujenzi za England zinataka dirisha la kubadilisha lisizidi 1.4, au liwe na daraja B la kuhifadhi nishati kwenda juu. Kwa hiyo muuzaji akijigamba kwamba lake ni 1.4, mwambie ahsante kwa kutii sheria. Unachotaka kukiona kwenye karatasi ni utando ule niliokuambia, gesi ya argoni katikati, nafasi ya milimita 16 hivi kati ya vioo, na ukanda wa pembezoni usiwe wa alumini tupu, kwa sababu huo hupitisha baridi na ndipo maji huanzia kujikusanya. Vioo vitatu sikushauri. Ni vizito, bawaba huchoka mapema, na kwa nyumba yako yenye kuta za zamani pesa hiyo ingefanya kazi zaidi darini, kuzuia joto lisitorokee juu.

Chumba chenu kinachotazama barabara kuu ni habari nyingine. Kelele haizuiwi na idadi ya vioo. Omba vioo vya unene tofauti, kimoja milimita 6 na mwenzake 4, na kimojawapo kiwe cha tabaka zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, aina ya kioo cha mbele cha gari. Shemeji atalala.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Lile dirisha la sebuleni lililochomoza nje, kwenye nyumba za miaka ya 1930 kama yako, mara nyingi nguzo zake za mbao ndizo zinazobeba uzito wa juu: dirisha la chumbani, matofali, na kijipaa chake. Fundi wa haraka anang'oa mbao, anachomeka PVC, anajaza povu, anaondoka. PVC peke yake haibebi. Baada ya muda dari ya sebule inapata ufa, dirisha la juu linagoma kufunguka, na kampuni inakuambia nyumba imetitia tu. Muulize kila anayekuja kupima: uzito wa juu utaubebaje? Jibu unalolitaka ni nguzo za chuma au alumini ngumu ndani ya zile kona, zenye vikanyagio vinavyokaa juu ya ukuta. Akikujibu kwamba fremu inatosha, mpe kikombe chake cha chai na umsindikize mlangoni. Na umuulize kuhusu linta za madirisha mengine pia, zile boriti zinazobeba ukuta juu ya dirisha, kwani nyumba za umri huo zipo ambazo matofali yamekaa juu ya fremu ya mbao bila linta yoyote.

Vyumba vya kulala vya juu, hakikisha kila kimoja kina dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukiwaka. Nafasi inayofunguka isiwe chini ya mita za mraba 0.33, upana usipungue milimita 450 na urefu vilevile, na sehemu ya chini ya uwazi isizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Wauzaji hupenda kukupa kidirisha kidogo juu na kioo kikubwa kisichofunguka chini, kwa sababu ni rahisi. Kwa ajili ya mdogo wenu weka kizuizi cha kufungulia kidogo, kile ambacho mtu mzima anakiachia bila kutafuta ufunguo. Kioo chochote kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni kiwe cha usalama, kinachopasuka punjepunje.

Sasa lile ambalo hakuna muuzaji atakayelianza yeye. Nyumba zetu sisi zina mvuke. Maharage yanachemka jikoni mchana kutwa, jioni kuna wali wa nazi, nguo za watoto zimeanikwa juu ya redieta kwa sababu nje hakukauki, na watu sita wanalala humo wakipumua. Mvuke wote huo ulikuwa ukitorokea kwenye nyufa za zile fremu za mbao. Ukizifunga nyufa, unabaki. Unatafuta kona yenye baridi, nyuma ya kabati la nguo, na Februari unakuta kuvu jeusi ukutani na mtoto anakohoa. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi za ndugu zetu kuambiwa kwamba madirisha mapya ni mabovu, kumbe yanafanya kazi yake sawasawa.

Ndiyo maana kanuni za 2022 kwa kawaida zinataka madirisha mapya yawe na vile vitundu vya hewa juu ya fremu: milimita za mraba 8,000 kwa vyumba na jikoni, 4,000 kwa bafu. Kuna mafundi watakaokuambia "tuviache tu, vinaleta baridi". Kataa. Na vikishawekwa msivizibe kwa seloteipu, nimeshaviona hivyo. Kule Tanga tulikulia kwenye nyumba ambazo kazi ya dirisha ni kuingiza upepo wa bahari, bure. Huku tunalipa kuuzuia upepo, kisha tunalipa tena kutobolewa tundu uingie kidogo.

Siku ya kufunga chukua ruhusa kazini ukae nyumbani. Fremu iwe ndogo kuliko tundu la ukuta kwa milimita 10 hivi kwa jumla. Ukiona pengo la vidole viwili linajazwa povu, jua alipima vibaya. Povu si msumari. Wafunge skrubu ukutani pande zote, zisiachane zaidi ya milimita 600, ndipo waje na povu na silikoni. Fungua kila dirisha kwa mkono wako wakiwa bado wapo.

Karatasi: kampuni iwe imesajiliwa FENSA au CERTASS, mashirika yanayothibitisha kazi za wafungaji madirisha, kwa kuwa tangu 2002 kubadilisha madirisha England na Wales kunahitaji uthibitisho kwamba kanuni zimefuatwa. Siku ukiuza nyumba, wakili wa mnunuzi ataidai hati hiyo. Dhamana iwe imekatiwa bima, maana kampuni za madirisha hufa na kufufuka na jina jipya. Amana ilipe kwa kadi ya mkopo, hata kama ni kidogo tu. Kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, kwa thamani yote, si amana pekee. Fungu la mwisho usilitoe mpaka hati imo mkononi.

Nitumie picha za yale madirisha ya juu kwa nje, nione ukuta uliokaa juu yake. Jumapili ya wiki ijayo sina zamu, nitakuja na futi yangu na pima maji tuyapitie pamoja kabla hujampigia yeyote.

Wasalimie sana watoto.

Ni mimi swahibu yako,
Bakari

N.B. Shemeji aliniuliza kwenye simu kuhusu rangi ya kijivu. Inawezekana, kijivu nje na nyeupe ndani, ila bei inapanda. Mpe. Pesa ya madirisha matatu ambayo hutayang'oa itatosha na chenji itabaki.