Salamu za Krismasi kwa waliotoka kifungoni na kwa watakaowapokea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Krismasi njema kwenu nyote mnaohudumu magerezani, kuanzia Segerea na Ukonga hadi Isanga, Butimba na Ruanda ya Mbeya. Salamu ziwafikie askari magereza walio zamu leo wakati wenzao wako mezani na familia. Ziwafikie akina mama walioko ndani na watoto wao wachanga, pamoja na mahabusu wanaorudishwa rumande kila tarehe ya kesi kwa sababu upelelezi haujakamilika. Na wewe uliyerudi nyumbani mwezi huu, hizi ni zako kuliko za mtu mwingine yeyote.

Desemba kwetu Tanzania ni mwezi wa msamaha. Kwa desturi Rais huwasamehe wafungwa siku ya Uhuru, tarehe 9. Mwaka 2019, sherehe zilipofanyika Mwanza, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Idadi ikitangazwa redioni watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini baada ya hapo kila mmoja hushuka stendi peke yake, mfuko wa nguo mkononi, akiuliza njia ya mtaa aliozaliwa. Wapo wanaokuta shamba limeuzwa. Wapo wanaoonyeshwa kaburi la mama, na hakuna aliyewapelekea habari ya msiba. Mtoto aliyeachwa akitambaa anamwamkia baba yake shikamoo kisha anakimbilia ndani, maana hamjui. Na kuku akipotea mtaani wiki hiyo, jina la kwanza kutajwa ni lake.

Hapo ndipo huduma yetu bado ni dhaifu, nami nalisema kwa upendo. Kuingia gerezani tumejifunza. Msimu huu vikundi vinafika getini na sabuni, miswaki, taulo za kike, kandambili na mchele wa pilau. Mizigo inakaguliwa, simu zinabaki nje, kwaya inaingia. Ni kazi njema, Mungu awabariki wote mnaoichangia. Aliyeko ndani anayesikia jina lake likiitwa na mtu kutoka nje hupata nguvu ya wiki nyingi. Kumsindikiza anayetoka ndiko tunakokuachia wachache.

Someni tena barua ya Paulo kwa Filemoni, msimu huu hasa. Ni fupi, mnaimaliza kabla chai haijapoa. Mzee yuko kifungoni, anamwombea Onesimo apokelewe nyumbani alikotoroka, si kama mtumwa bali kama ndugu mpendwa. Tena anaongeza kwamba kama kuna deni, yeye atalilipa. Paulo anaandika kabla Onesimo hajabisha hodi, na hilo ndilo tunalojaribu kuliiga. Miezi kadhaa kabla ya mtu kumaliza kifungo tunakwenda kwao, pamoja na mzee wa kanisa na, inapofaa, mjumbe wa mtaa. Mara nyingi jibu la kwanza ni kali: huku asikanyage. Hatubishani. Aliyeibiwa au aliyepigwa naye ana machungu ya kweli, na anastahili kusikilizwa kabla ya kuombwa lolote. Tunarudi tena, na tena, hata kama safari hizo zote zitazaa kikombe kimoja tu cha chai wanachokubali kumpa.

Kisha kuna suala la riziki. Gereza la Karanga kule Moshi linajulikana kwa viatu vya ngozi. Kwingine watu hujifunza useremala, ushonaji na kilimo. Mtu anatoka na ufundi mikononi, lakini hana cherehani, hana randa, hana wa kumdhamini. Kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana fedha, kinaweza kumpokea iwapo mwanachama anayeaminika atasimama upande wake. Naomba mwanachama huyo awe mmoja wenu. Fundi mwenye karakana anayeweza kumpa meza na kazi ya majaribio, huyo ametoa zawadi ya Krismasi ambayo sisi wenye vipaza sauti hatuwezi kuitoa.

Madarasa ya kusoma na kuandika yataendelea Januari kama kawaida, na walimu wanahitajika. Wanaotaka kuja waniambie mapema, ili barua ya maombi ya kibali imfikie mkuu wa gereza kwa wakati.

Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya kwenu na kwa wote mlionao nyumbani.